Kiti cha Kijani Kambini

Kambi ya tatu nayo ilikuwa imejaa. Noreen alikisoma kibao langoni, kisha akageuka kumtazama binti yake Tessa, aliyelala nyuma kwenye kitanda cha gari lao la nyumba. Midomo ya mtoto ilikuwa imeanza kupauka. Mapafu yake dhaifu tangu azaliwe, na huku milimani hewa ni chache. Mashine yake ya kupumulia ilitaka umeme, jenereta la gari lilikuwa limegoma tangu mchana, na betri ilikuwa karibu kuisha.

"Ingia hivyohivyo," Noreen alimwambia mumewe. "Tuzunguke."

Craig akaingiza gari polepole. Huku moto unawaka, kule soseji zinachomwa, watu wanacheka. Ndipo wakaiona nafasi tupu, tambarare, yenye nguzo ya umeme. Katikati yake kilisimama kiti cha kukunja, cha kijani.

"Hiyo hapo!"

"Ina wenyewe. Kiti hukioni?"

"Kiti si mtu, Craig."

"Ungeacha chako ukaenda kutafuta kuni, ukarudi ukakuta mtu kajikalia, ungemchekea?"

Noreen alilijua jibu. Wao wenyewe hushika nafasi kwa kiti kila kiangazi, na mwenda kambi hagusi kiti cha mwenzake.

"Basi nigonge kwa jirani. Watuazime waya tu."

"Watu wanakula, mama. Utaonekana ombaomba. Ng'ambo ya mlima kuna kambi kubwa, haijai ile. Eti Tessa, shujaa wangu, utavumilia kidogo?"

"Ndiyo, baba." Hata hilo neno lilimchosha.

Noreen alikuwa ameshashika kitasa cha mlango. Akakiachia. Aliona haya. Mama mwenzangu unayesoma, iogope haya hiyo kuliko kona zote za mlimani.

Barabara ikapanda, kona juu ya kona. Karibu na kilele mashine ikazimika.

"Simama, Craig! Simama!"

Askari wa msitu aliyekuwa akishuka na gari lake alimkuta Noreen katikati ya barabara anapunga shuka. Akatoa chupa ya oksijeni, akamvalisha mtoto barakoa, akaita helikopta kwa redio.

"Lakini mmempandishaje mtoto katika hali hii?"

"Chini kumejaa," Craig alisema. "Nafasi moja tu, nayo ina kiti."

"Cha kijani? Wale waliondoka asubuhi, bwana. Wamekisahau. Mngemuuliza yeyote pale..." Akaona uso wa Noreen, akameza yaliyobaki.

Helikopta ilipotua, Tessa alikuwa ameshaacha kupumua; hakuihitaji tena ile chupa.

Craig akakaa chini kando ya barabara. "Ningegonga," alikuwa akisema. "Ningegonga mwenyewe."

Noreen alikuwa akimwona akilini yule mama wa nafasi ya jirani, aliyekuwa akigeuza soseji. Walipokuwa wakiondoka aliwapungia mkono, naye Noreen akampungia.