Ubeti wa Tatu, Mkono wa Kushoto

Mimi nikiamua jambo, nimeamua. Mama yangu alikuwa akisema kwamba Hosiana angezaliwa ng'ombe asingefaa kulima, maana angegoma kugeuka mwisho wa shamba. Basi mwaka ule wa 2003 niliamua kwamba Tuntufye ndiye aliyeiharibu kaseti yetu, na nikaamua kulithibitisha hilo hadharani.

Kaseti ilikuwa ya kwaya yetu ya Talatala, na mwalimu wa kwaya ni mimi. Tulichanga mpunga mpaka tukamleta fundi kutoka Mbeya na mitambo yake, akarekodi kanisani kutwa nzima. Kaseti ilipotoka watu waliisifu, lakini mpaka ubeti wa tatu tu. Pale kwenye neno "ngome" sauti ya pili inatakiwa kupanda. Wote walipanda isipokuwa mtu mmoja, aliyebaki chini akilia kama mlango wa stoo. Majirani zetu, kwaya ya Ngana, wakaanza kutuita Ngome Iliyobomoka, tena sokoni, mchana kweupe.

Wenye sauti ya pili yenye nguvu tulikuwa wawili: Tuntufye, na mimi mwenyewe. Fundi alisema tutawazima wenzetu, akatutenganisha. Ukiitazama kwaya, Tuntufye alikuwa mwisho wa kushoto, mimi mwisho wa kulia. Sasa, wimbo nimeutunga mimi, mwalimu ni mimi. Ningekoseaje? Nikamwambia Tuntufye mbele ya kwaya nzima arudishe joho.

"Siyo mimi," akasema.

"Joho, mama. Joho."

Tulikua pamoja, yeye na mimi, tukipalilia mpunga bega kwa bega. Joho alilileta likiwa limepigwa pasi, kisha akaenda kunishtaki kwa wazee wa kanisa. Mwenyekiti wao, mzee Hezroni, alituita wote wawili.

"Jumapili baada ya ibada," alisema. "Aje na ushahidi mwenye nao. Maneno matupu tumeyachoka."

Ushahidi ningeutoa wapi? Redio ya nyumbani ina spika moja, na watu ishirini na wanne wanatokea kwenye tundu hilohilo.

Aliyenifumbua macho ni mdogo wangu Anyitike, ambaye hata kanisani huja kwa kuburutwa. Alikuwa na chumba mjini Kyela na kompyuta moja. Asubuhi alichapa barua za watu, mchana alikodisha gemu la vita. Mwenye nyumba alikuwa ameapa kwamba akisikia tena risasi ukutani kwake atamtoa yeye na kompyuta yake, kwa hiyo Anyitike alikuwa akitafuta hedifoni.

"Lakini siyo hedifoni yoyote tu, dada," alinieleza. "Kwenye gemu adui anakuja humwoni. Unasikia hatua zake. Hedifoni nzuri inakuambia yuko kushoto, au yuko kulia. Mbaya inakuambia yupo tu, na ukija kugeuka umeshakufa."

"Na akiwa ni mtu anaimba?"

"Mwimbaji, adui, yote mamoja."

Nikamwambia twende Kasumulu. Tulikubaliana kununua moja ya shirika: siku za kazi ni ya gemu, Jumapili ni ya muziki wangu. Yeye alibeba wokmeni yake na kaseti ya risasi na hatua za askari, alizozirekodi kwa waya kutoka kwenye kompyuta. Mimi nilibeba kaseti ya kwaya. Nilimwonya asije akazichanganya mbele ya wazee.

Pale mpakani mfanyabiashara aitwaye Andongwisye alikuwa ametandaza hedifoni juu ya turubai, katikati ya betri na vitenge vya Malawi.

"Mwagonile, mama," alinisalimu. "Chukua hii, ipime kwa mkono. Hedifoni nzuri ni nzito. Nyepesi ni za kuchezea watoto."

Ilikuwa nyekundu, kubwa, nzito kweli. Anyitike aliivaa, akawasha vita vyake, akaruka. "Dada! Bomu limenipiga kifuani!"

"Na hatua?"

"Hatua..." Akatulia. "Zipo. Zipo katikati ya kichwa."

Nikaivaa mimi na kuweka kwaya. Besi zilinguruma nikazipenda, sisemi uongo. Lakini watu wangu wote walikuwa wamebanwa ndani ya debe moja. Nikaivua.

"Ndiyo wanayonunua wote hiyo," Andongwisye alisema.

"Mimi mchele sinunui kwa kutazama gunia, baba. Natafuna punje. Lete nyingine."

Tulijaribu ya pili, ya tatu, hadi ya sita. Moja ilikuwa na sikio bubu. Nyingine kila "s" ya kwaya ilitoka kama mafuta ya kukaangia. Jua lilitupata pale, Anyitike akaanza kuililia ile nyekundu, nikamwambia akanunue bomu lake peke yake. Mwishowe Andongwisye alichoka nami, akavuta kutoka chini ya boksi hedifoni nyeusi iliyopauka, sponji lake limeisha na kuzungushiwa kitambaa.

"Hii aliniuzia mtu wa Karonga," alisema. "Naona hata aibu kuitoa."

Nikaivaa, na kanisa letu likafunguka. Kila mtu alikuwa amesimama mahali pake. Nilifumba macho nikaanza kuwaonyesha kwa kidole: Maria huyu, Felista yule. Kabla ya ubeti wa tatu Davidi wa besi, aliyekuwa ubavuni mwa Tuntufye, alikohoa kikohozi chake kilekile tunachokijua wote, kushoto kabisa. Nikatabasamu, nikatega sikio upande huo.

Kushoto, Tuntufye alipanda kwenye "ngome" bila doa. Kulia, mtu alibaki chini.

Nilirudisha kaseti mara nne. Nikaigeuza hedifoni, na sauti ile mbovu ikahamia kushoto. Moyo wangu ukaruka kwa furaha, lakini Davidi naye akahamia kulia pamoja na kikohozi chake. Nikairudisha kama ilivyokuwa.

Anyitike akainyakua akaweka vita vyake. "Nyuma, kulia! Sasa kushoto!" alipiga kelele. "Dada, ndiyo hii. Au wewe umeikataa?"

Nilitaka kuikataa. Ile nyekundu ilikuwa palepale inang'aa, na haikuwa na habari ya kumwambia mtu yeyote.

"Tufungie hii," nilimwambia Andongwisye, nikamshukuru. "Ndaga."

Njia nzima ya kurudi niliwaza kwamba wazee hawajui kushoto wala kulia kwa hedifoni. Kuigeuza ni kazi ya kupepesa jicho. Niliona aibu kuwaza hivyo, na nikaendelea kuwaza.

Jumapili tulikaa kwenye chumba cha wazee, wao watano upande mmoja, Tuntufye peke yake kwenye benchi. Nikaiweka hedifoni mezani. Kabla sijasema neno mzee Hezroni aliichukua akaivaa mwenyewe, na nikaona waya unaning'inia kulia kwake, wakati unatakiwa kukaa kushoto. Alikuwa ameivaa kinyume. Sikumgusa. Mungu ni shahidi, sikumgusa.

Niliwasha wokmeni. Mzee akasikiliza macho yamefumba.

"Haa!" alisema. "Huyu hapa! Mkono wa kushoto, mwisho kabisa."

Wazee wote wakamgeukia Tuntufye. Aliinamia mikono yake, akakamata kidole kimoja na kukikaza.

Nimeshinda, nikajiambia. Kunyamaza siyo kusema uongo. Lakini nilikitazama kile kidole alivyokikaza, nikajichukia mpaka mate yakawa machungu.

"Baba," nikasema, "umeivaa kinyume. Waya ukae kushoto. Halafu msikilize kwanza Davidi anapokohoa."

Akageuza. Nikarudisha kaseti. Kikohozi kilimfanya acheke kidogo, kisha kicheko kikakatika, akafumbua macho na kunitazama.

"Ni mimi," nilisema kabla hajauliza.

Tuntufye ndiye aliyesema. "Nilikusikia siku ileile."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilisema. Nilisema siyo mimi."

Joho lake nilikuwa nimelitia kwenye mkoba tangu asubuhi, bila kujiambia kwa nini. Nikalitoa, nikampa kwa mikono miwili. Hakulipokea.

"Kwanza imba," alisema.

"Hapa?"

"Hapahapa. Ngome."

Nikaimba, mbele ya wazee watano.

"Bado uko chini," Tuntufye alisema.

Nikaimba tena.