Mtoto Aliyeitwa Waithaka

Waithaka wa Mau Narok alizaliwa na kichwa kigumu, na siasa ikakikomaza. Miaka mitatu iliyopita, wazee wa kina Ngigi walipokuja kuposa binti yake Shiru, aliwafukuza langoni kwa sababu babake Ngigi alivaa kofia ya chama kile kingine. Kofia, jamani! Akaapa mbele ya majirani wote: "Mtoto wangu akiolewa na hao, huyo si wangu tena." Shiru akaenda na Ngigi wake Kuresoi, na hakurudi.

Sasa mwaka huu vigogo wa vyama vyote viwili wakakumbatiana Nairobi na kugawana vyeo. Waithaka alisikia habari hiyo redioni akichagua viazi vya mbegu, akaketi kwenye gunia. Moyoni alijua amechezwa. Lakini angekubali vipi? Akikubali, basi alimtupa Shiru bure. Wazo hilo lilimtisha kuliko kitu chochote, akalikimbia. Siku hiyohiyo aliwaambia wenzake sokoni kwamba huo ni ujanja wa kiongozi wetu, nyinyi subirini tu. Na kadiri alivyobishana, ndivyo alivyozidi kuamini.

Jumapili baada ya kanisa, Shiru akaingia uani na mtoto mgongoni. Wachuka, mkewe Waithaka, alipiga vigelegele, halafu akaangua kilio.

Shiru akamfungua mtoto. "Baba, huyu ni wa pili. Wa kwanza tulimpa jina ya babake Ngigi. Huyu ni wewe. Anaitwa Waithaka."

Mzee moyo ulimruka. Desturi ni desturi: kijana wa pili hubeba jina la babu wa upande wa mama. Na kweli alikuwa yeye mtupu, paji na masikio, akinyonya kidole. Akanyoosha mikono; alitamani kumshika mpaka ikamuuma.

"Mchukue," Shiru akasema. "Lakini kwanza sema tu ulikosea. Hata hao wakubwa wenu siku hizi wanakula meza moja."

Neno moja tu, mzee! Wachuka alimtazama kwa kumsihi. Waithaka akafungua mdomo, na miaka yote mitatu ikamjia: harusi ambayo hakwenda, Krismasi bila Shiru, Wachuka akilia jikoni akidhani hasikiki. Yote hayo yangekuwa kosa lake yeye, si la mtu mwingine.

"Wewe hujui siasa," akajisikia akisema. "Kiongozi wetu ana mpango. Hao wenu ndio watakuja kulia."

Mikono yake ilikuwa bado imenyooshwa. Shiru akamrudisha mtoto mgongoni, akafunga leso polepole, bila hasira.

"Siku moja ataniuliza jina lake ni ya nani," akasema. "Nitamwambia ni ya babu aliyekufa kabla yeye hajazaliwa."

Akatoka. Wachuka akamfuata mbio hadi barabarani, na mzee akabaki uani akiendelea kuueleza huo mpango, hatua kwa hatua, na hakuna wa kumsikiliza.