Waini kwenye Kikombe cha Chai

...kwenye kikombe cha chai, anasema, uniletee ile nyekundu lakini kwenye kikombe cha chai, umenielewa msichana, nami nasema nimeelewa mzee, nimesimama hapa na chupa mbili mkononi, mchana wa jua kali hapa Wote, na yeye haniangalii, anaangalia meza ya dirishani ambako akina mama wa kanisa lake wanakula chapati na ndengu, nyekundu kwenye kikombe itafanana na strungi, chai isiyo na maziwa, kumbe ameshafikiria, Mzee Nzuki, mzee wa kanisa, hajanijua, wigi na kizibao cha hoteli vimenificha, au ni vile watu hawaangalii uso wa anayewaletea chakula... mkwe wake mpya wa Nairobi ananiuliza, dada, hii samaki tunywe na gani, nasema ile nyeupe mama, iliyokaa kwa baridi, inakata mafuta kama ndimu, na nyekundu je, nyekundu ingoje mbuzi mama, ukiinywa na samaki inaacha mdomo kama umelamba msumari... nimesema hivyo na Nzuki amesikia lakini bado kidole chake kiko kwenye kikombe, sawa, ulambe msumari, nitakumiminia mpaka juu, utabasamu mbele ya wakwe na ulimi umekukunjamana... si ni kidole hichohicho, siku tunamzika mama yangu kule Kathonzweni, jeneza limeshashuka, nimeinama nikachota udongo, akanishika mkono hewani, akaninyooshea kidole, akasema kwa sauti ya mimbari, mikono ya kumimina pombe isiguse udongo wa huyu mama, na mjomba Mbuvi akatazama viatu vyake, na kwaya ikaanzisha wimbo harakaharaka, mtoto mmoja tu wa mama, mimi, nikasimama kando kama jirani aliyechelewa... hapana, msumari ni mdogo, nataka aibu kubwa, nitamuuliza kwa sauti, mzee, waini yako tuweke sukari kama chai, wale akina mama wageuke wote pamoja, chapati midomoni, na Jumapili asipate pa kuweka uso, nimeliota hili nikiosha glasi, nikiwa kitandani, nimeliota hata kanisani, nyuma kabisa, Emali, nilikohamia kusali... dada unatufungulia, anauliza mkwe, ndiyo mama, naibana nyekundu kwapani, nazungusha kizibuo kwenye nyeupe, kizibo kinakaza... mama alionja mara moja, nilimpelekea nyeupe tamu iliyobaki kwa sherehe, tulikuwa tunakula muthokoi wa moto, yale mahindi ya kukoboa na maharagwe, na pilipili, akanusa, akanywa, akacheka mpaka akashika mbavu, kumbe Kalekye hii inazima pilipili, niongeze, na mtu alipobisha hodi mama alichukua kikombe cha chai akamimina humo... mama pia, mama aliyefagia kanisa kila Ijumaa, alimimina humo, kwa kumwogopa nani, si kwa kumwogopa huyu, na huyu anawaogopa wale wa dirishani, na wale pengine wana vikombe vyao, basi nikipiga kelele nitakuwa nimemcheka mama pamoja naye, mama ambaye hakunificha kitu ila alijificha... lakini sikusamehe, Nzuki, usidhani, huo udongo ni wangu na uliuchukua, kizibo kimetoka, naiweka nyekundu chini, nachukua glasi ndefu ya kupitisha mwanga, namimina nyeupe, ile inayofaa samaki, polepole, glasi inatoa jasho, naiweka mbele yake, nimesema kikombe, ananong'ona, nimesema nyekundu, bila kuinua kichwa, nami nainama kama wahudumu wote wanavyoinama na kumnong'oneza, mzee, hii ndiyo ya samaki, mimi ni Kalekye wa marehemu Kanini, Jumamosi nitaenda kaburini kwa mama na wewe utakuja, utasimama pale nikichota udongo... na akina mama dirishani bado wanatafuna, mkwe bado anapangusa uma, hakuna aliyegeuka, ila Nzuki, taratibu, ananiangalia uso.