Limekubaliwa Kimsingi

Mkunga aliilaza barua juu ya kaunta kwa viganja viwili, akainyoosha mikunjo kama anayemfunika mtoto mchanga, kisha akaweka kidole juu ya neno moja lililozungushiwa penseli. Aliwaambia wahudumu kwamba hakuja kugombana na mtu. Alitaka tu kuonana na aliyeliandika neno lile, amweleze maana yake kwa kinywa chake.

Wahudumu wakatazamana, kisha wakageuza shingo kuelekea meza ya dirishani, alikoketi mwandishi wa barua wa idara, mtu ambaye ofisi nzima ilimwita Kalamu.

Kalamu alikuwa na miaka kumi na tisa kwenye meza ile, na barua zake zilisifiwa mpaka idara za jirani. Hakuna aliyejua kumnyima mtu kitu kwa adabu kama yeye. Maneno ya kibali aliyajua ngazi kwa ngazi. "Limepokelewa" maana yake ombi limepewa namba. "Linashughulikiwa" maana yake jalada limelaliwa na jalada jingine. "Halina pingamizi" maana yake hakuna aliyekataa, wala hakuna aliyekubali. "Limeidhinishwa" lilikuwa neno zito, na wakubwa walilikwepa kama sufuria ya moto bila kitambaa, kwa sababu anayelitia sahihi ndiye atakayeulizwa. Katikati ya ngazi, mahali pazuri pa kupumzikia, palikaa neno alilolipenda kuliko yote: "limekubaliwa kimsingi." Lilimfurahisha msomaji na halikumfunga mwandikaji.

Ndilo lililozungushiwa penseli.

Alimwamkia mama yule kwa heshima, akamvutia kiti. Mkunga akasimulia bila haraka. Alistaafu hospitalini baada ya kuzalisha kwa miaka thelathini na miwili, akageuza vyumba viwili vya uani kwake kuwa zahanati ndogo ya uzazi, kwa kuwa hospitali iko ng'ambo ya mji na uchungu hausubiri foleni ya magari. Barua ya kujibu ombi lake la kibali ilipofika aliwasomea majirani, wakapiga vigelegele. Akapaka rangi, akatandika vitanda. Siku ya tisa mkaguzi akaja na kufuli. Siku ya kumi na moja akafika mwanamke mwenye uchungu, wakamkimbiza hospitali, na akajifungulia njiani nyuma ya gari la mboga. Mkunga alimpokea mtoto juu ya magunia ya kabichi.

"Wako hai wote wawili," alisema. "Lakini nimekuja kuuliza. Kimsingi ni ndiyo, au ni hapana?"

Kalamu alinakili namba ya barua. Akamwomba asubiri, akashuka masjala kulitafuta jalada lake.

Ripoti ya ukaguzi ilikuwa ukurasa wa sita. Mkaguzi aliandika mistari miwili tu: mlango wa chumba cha kuzalishia ni mwembamba, machela haipiti, na chumbani hamna bomba la maji. Pembeni palikuwa na mwandiko ambao Kalamu aliutambua kabla hajausoma, kwani ulikuwa wake: "Tusimvunje moyo. Aandikiwe kimsingi."

Akakumbuka. Aliona haya kumworodheshea kasoro mama wa umri ule, ambaye pengine ndiye aliyeipokea nusu ya mji duniani. Alidhani anamstahi.

Alisimama kati ya rafu muda mrefu kuliko alivyohitaji. Angeweza kupanda akasema kwamba suala linafuatiliwa. Neno hilo nalo lilikuwapo, limepigwa pasi, tayari kuvaliwa. Badala yake alipanda na jalada kwapani, akaketi mbele ya mkunga, akamfungulia ukurasa wa sita.

"Ni mimi niliyeliandika, mama. Mlango wako ni mwembamba na maji hayafiki chumbani. Nilijua, na sikukwambia."

Mkunga alisoma polepole. Kalamu alingoja kukemewa, na angeona afadhali.

"Mwanangu," akasema hatimaye, "mtoto akitanguliza miguu, simwambii mzazi kwamba mambo ni mazuri kimsingi. Namwambia katanguliza miguu, shika hapa, tufanye hivi. Wanaogopa, lakini wanashika." Akafunga jalada. "Mlango unatakiwa uwe na upana gani?"

Kalamu hakujua. Wakampigia simu mkaguzi, wakaambiwa sentimita mia moja na ishirini, na kwamba wa sasa una tisini. Mkunga akaziandika mgongoni mwa ile ile barua, akaaga.

Alasiri ile Kalamu aliandika barua ya mistari minne, akaipeleka kwa mkurugenzi. Mkurugenzi, mama aliyezoea barua ndefu, aliisoma mara mbili, akamuuliza kama anajisikia vizuri.

"Barua ya ofisi inamwambia mtu mlango wake ni mwembamba?"

"Ndiyo, mkuu. Kwa sentimita thelathini."

"Na akiupanua?"

"Tumwandikie limeidhinishwa."

Mkurugenzi akavua miwani. Kwa upole wa mtu aliyewahi kuungua, akamkumbusha kwamba neno lile likishatoka halirudi, na kwamba siku mambo yakiharibika watu hutafuta sahihi, hawatafuti nia njema. Kalamu alikiri kwamba ni kweli. Kisha akasema jambo ambalo hakulipanga: kwamba siku ya gari la mboga, lau mambo yangeharibika, hakuna hata mmoja wao ambaye angetafutwa, na hilo ndilo lililomnyima raha.

"Weka na jina langu," alisema. "Chini kabisa. Mwenye swali anione mimi."

Mkurugenzi akaliongeza jina chini ya mstari wa mwisho. Hakusema amekubali. Alitia sahihi.

Mkwe wa mkunga, fundi mwashi, akabomoa ukuta na kuujenga upya. Bomba likavutwa kutoka uani. Wiki ya nne mkaguzi akarudi na futi yake, na machela ikapita mlangoni huku mkunga mwenyewe amelala juu yake, maana alishikilia kwamba machela tupu haithibitishi kitu. Kamati ya vibali ikakaa, ikapitisha. Kalamu akaandika barua fupi kuliko zote alizowahi kuandika: "Ombi lako la kufungua zahanati ya uzazi limeidhinishwa. Unaweza kuanza kazi leo." Neno "leo" alilifuta mara mbili, akalirudisha mara mbili.

Hakuitia posta. Aliipeleka mwenyewe Jumamosi asubuhi. Mkunga aliisoma amesimama kizingitini, akauliza kama kuna neno lililojificha humo. Kalamu akasema hakuna. Mama yule akapangusa macho kwa mgongo wa mkono, akaingia ndani kutandika vitanda, kwani kulikuwa na mjamzito wa mtaa wa pili aliyekwisha kutimiza siku zake.

Kalamu alikuwa akigeuka kwenda zake pale mzee mmoja, jirani aliyekuja kushuhudia, alipotoa bahasha iliyochakaa mfukoni.

"Kwani wewe ndiye unayeziandika hizi?" aliuliza. "Yangu inasema linazingatiwa. Huu mwaka wa pili."

Kalamu aliipokea. Aliutambua mtindo wake tangu mstari wa kwanza, ule ulaini aliokuwa akiuonea fahari. Akaketi kwenye benchi la uani, akasogea kumpa mzee nafasi.

"Kaa, mzee wangu," alisema. "Nikueleze ilichosema, halafu tutafute ilichokuficha."