Kidole Gumba Kwenye Maporomoko

Katika ukoo wetu hakuna anayenizidi kupiga picha. Ila kila picha yangu ina kidole gumba changu pembeni, na ukucha wake uliopasuka kama kwato.

Tangu mume wangu alazwe, kifua kimekuwa kikinibana. Leo nimeaga naenda kumtafutia dawa, kumbe nikapanda basi hadi kwenye maporomoko ya maji. Nilipoyapiga picha kwa simu, angalau nikapumua. Huku nyuma wifi yangu alikuwa akimlisha kaka yake uji kwa kijiko.

Niliporudi wodini nikasema, "Nimezunguka maduka yote, dawa hakuna."

"Pole, mke wangu," mgonjwa akaninong'oneza. "Nakuchosha."

Haya zikanishika, macho nisijue pa kuyaweka. Wifi akachukua simu yangu ampigie mwanetu, akakutana na picha.

"Wifi, siku hizi maduka ya dawa yana maporomoko?"

"Hiyo nimetumiwa na shoga yangu," nikajibu, natazama sakafu.

Akampa kaka yake simu. Mume wangu akaitazama, kisha akaushika mkono wangu taratibu.

"Na kidole hiki, bibi, ulimwazima?"