Spika Ishirini na Tano

Wenzake walimwita Masikio, naye hakuchukia, maana masikio ndiyo yaliyomlisha. Alikuwa fundi wa sauti, na mafundi wa sauti wana ugonjwa mmoja usio na dawa: hawafuti kitu. Mwambie afute, ataitikia, atabonyeza bonyeza mbele yako, kisha akihamishie pembeni, eti huenda siku moja kikahitajika. Hata kikohozi cha mtu anakitunza kama mboni ya jicho. Ndivyo alivyomfanyia mama yake mzazi.

Mkewe alikuwa msanii, lakini si wa picha za kutundika sebuleni. Yeye alichukua ukumbi mzima akaujaza giza, sinema na sauti, watu wakaingia wakitaniana na kutoka wameshika vichwa. Safari hii alikuwa anaandaa kazi kuhusu mashamba ya mkoloni na viboko vyake. Alikwisha kuwarekodi wazee kumi na wawili. Wa kumi na tatu akawa mama mkwe wake.

Mama alisema yale waliyosema wenzake: jua, jembe, njaa. Msanii akashukuru, akaenda jikoni kuchemsha chai. Masikio akabaki anakunja nyaya. Mashine ilikuwa bado inarekodi, ila taa yake nyekundu alikuwa ameibandika utepe mweusi, kama kawaida yake, kwa sababu mtu akiiona taa ile hukakamaa akaanza kuongea kama anatoa hotuba.

"Mmemaliza, baba?" mama akauliza.

"Tumemaliza, mama."

Mama akatazama mlango wa jikoni, akashusha sauti.

"Babu yako alikuwa mnyapara, hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba hakuweza kuhesabu kupita kumi. Mimi nilikuwa na miaka saba, nimeanza shule. Bwana mwenye shamba akanisikia nahesabu kuku, akafurahi kweli. Tangu siku hiyo, mtu akichapwa, mimi ndiye nasimama pembeni nahesabu. Ishirini na tano. Nikimaliza, napewa pipi."

Hapo akaanza kuhesabu kwa kijisauti cha darasani, mikono nyuma: moja, mbili, tatu, mpaka ishirini na tano. Masikio waya ukamtoka mkononi.

"Siku ya babake Pacha nilikuwa naitazama pipi. Bwana kaishika, anasoma gazeti. Kufika kumi na tisa, nikapotea. Nikaogopa kugombezwa. Nikarudi kumi, nikaendelea mpaka mwisho. Fimbo kumi za bure, mwanangu. Kesho yake wakamzika. Na pipi niliila."

Pacha alikuwa jirani wa ukuta mmoja, shoga wa mama kwa miaka zaidi ya sitini. Hawakuzaliwa tumbo moja, waliitana hivyo kwa kupendana tu, na walikuwa chanda na pete. Waume walikufa, watoto wakahama, wao wakabaki wanapeana chumvi dirishani. Kila Pacha alipokisimulia kifo cha baba yake alisema, "Yule bwana alizidisha kusudi, roho mbaya tu," na mama ndiye aliyempa leso.

Masikio akaungama kwamba mashine haikuzimwa. Mama akawa kama kamwagiwa maji.

"Futa! Hapa hapa, nikuone. Pacha akijua nitaishi na nani mimi?"

Akabonyeza. Akamwonyesha kioo kitupu. Mama akamshika kichwa, akamwombea baraka za Mungu, naye akazipokea huku sauti yote imelala kwenye folda ya pembeni.

Baada ya miezi miwili alimkuta mkewe mezani, spika za masikioni kichwani, machozi yanamchuruzika. Alikuwa anatafuta kelele za kuku, akaangukia folda ya pembeni.

"Hii ndiyo kazi yenyewe," mkewe akasema. "Wale wote wamesema walichofanyiwa. Mama peke yake amesema alichofanya."

"Nilimwahidi kufuta."

"Na mbona hukufuta?"

Masikio akageukia nyaya zake, na anayegeukia nyaya keshakubali. Alijidanganya kwamba ukumbi uko mbali, wazee hawafiki huko. Akatundika mwenyewe spika ishirini na tano, usawa wa kiuno cha mtu mzima, ndiko mtoto wa miaka saba anakotolea sauti. Kila moja aliifungia kijicho cha kuhisi mtu: ukiisogelea, inataja namba yake. Alifanya kazi safi. Aibu yake ni kwamba aliifurahia.

Jumamosi ya ufunguzi, saa tisa alasiri, wageni wakafurika na simu zao mkononi. Masikio alikaa kwenye meza ya vidude vyake. Mlango ukafunguka, wakaingia vikongwe wawili wenye magauni sare ya buluu. Pacha alikuwa ameona tangazo barabarani na jina la "mkwe wetu", akaapa hakosi, akamkokota mwenzake.

Kitufe cha kushusha sauti kilikuwa chini ya kidole cha Masikio. Kushusha tu! Akamtazama mkewe. Mkewe akatikisa kichwa, na kidole kikabaki pale pale.

"Moja," ikasema spika ya kwanza.

Mama akaijua sauti yake papo hapo. "Pacha, turudi. Magoti yananiuma."

"Magoti! Ndiyo kwanza tumeingia." Pacha akasogea. Mbili. Tatu. "Hebu sikia katoto kanavyojua hesabu!" Akawa anacheka, akizifuata moja moja, mama nyuma yake akimvuta mkono wa gauni.

Alipofika ya kumi na tisa, spika ikataja namba, ikanyamaza kidogo, ikaendelea: "Siku ya babake Pacha nilikuwa naitazama pipi." Ikayamaliza yote, mpaka pipi ilivyoliwa.

Pacha akasimama. Akaugeuza uso polepole, akamtazama mwanamke aliyempa leso miaka yote hiyo. Wageni wakawapisha, wakidhani ni sehemu ya maonyesho, na simu zikainuliwa.

"Hesabu," Pacha akasema.

"Pacha, nakuomba…"

"Nikuone leo kama umejua. Hesabu mpaka ishirini na tano, mimi niko hapa, sina pipi."

Na mama, jamani, akaweka mikono nyuma. Akaanza moja, kwa sauti ya kikongwe inayokatika. Watu wakasogea. Mkewe Masikio, ng'ambo ya ukumbi, akainua kidole na kukizungusha hewani: rekodi.

Juu ya vichwa vya vikongwe wale kulikuwa na maikrofoni, aliyoining'iniza fundi mwenyewe asubuhi. Angeweza kunyanyuka pale mezani. Hatua sita tu zingemfikisha kwa mama yake.

"Kumi na saba," mama akasema. "Kumi na nane. Kumi na tisa." Akasimama hapo. Akamtafuta mwanawe gizani kwa macho, mdomo wazi, asijue inayofuata.

Mashine ilikuwa inarekodi. Masikio aliona sauti iko chini mno, akaipandisha.