Shamba Lililovuka Ruvubu

Mapumziko ya saa nne yalipofika, Vumilia alitoka darasani wa mwisho, kwa sababu magoti yake yalibana chini ya dawati. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Kule Mishamo, Tanzania, alikozaliwa, alikuwa amemaliza kidato cha pili. Yeye na baba yake waliporudi Burundi, shule ya Gitega ilisema cheti chake hakina Kifaransa, ikamweka darasa la sita pamoja na watoto wa miaka kumi na miwili.

Kichwa kilimuuma kila siku, naye alitafuta mahali pa kukituliza. Kwa shangazi yake, huko Giheta, walilala sita chumba kimoja. Kanisani kwaya ilikuwa mazoezini. Chini ya kila mti palikuwa na mtu anayeuza kitu.

Jumanne moja alikuta shamba nyuma ya jiko la shule. Lilikuwa na hatua kumi na mbili kwa tisa, migomba mitatu, maharage kidogo na ua wa minyaa. Kingo zake zilikuwa zimelowa, kwani lilikuwa limehama lenyewe kutoka Muyinga na njiani lilivuka mto Ruvubu. Alilitambua kwa jiwe la kunolea majembe, ambalo baba yake, Damiano, alilisimulia miaka yote ya ukimbizini. Alikaa juu ya jiwe, akafungua daftari la Kifaransa. Kichwa kikapoa. Josefina, mpishi wa shule, alimwomba tu asikanyage maharage.

Alisoma pale miezi miwili, na alama zake zikapanda. Jumapili Damiano alikuja, akavua viatu, akapalilia.

Kisha siku moja, Damiano akiwapo, Nazario akafika kutoka Muyinga, ameshika kamba. Ndiye aliyelima shamba hilo tangu mwaka 1972, Damiano na wazazi wake walipoliacha wakikimbia mauaji.

"Mi sina ubaya na we, mzee Damiano," alisema. "Lakini shamba iko yangu. Ata ng'ombe inatorokaka, tunairudisha."

"Shikamoo, mzee," Vumilia alisema. "Ng'ombe akitoroka huenda kwao."

Nazario alicheka kidogo, akasema watoto wa Tanzania wana mdomo. Akampa direkta wa shule, Egidius, karatasi ya Kifaransa yenye muhuri. Direkta alimpa Vumilia aisome kwa sauti, baba yake asikie. Aliisoma yote bila kukwama, kisha akamfasiria baba sentensi moja moja. Karatasi ilisema shamba ni la Nazario.

Egidius alimsifu. Alisema hapo shuleni hajasikia mwanafunzi akisoma Kifaransa vizuri vile. Damiano aliuliza kama sasa binti yake anaweza kupelekwa darasa linalomfaa. Direkta alijibu kwamba orodha ilikwisha kufungwa.

Nazario alifunga kamba kwenye mgomba wa katikati, akavuta. Shamba liling'ang'ania kwa muda, likang'oka, likamfuata. Langoni lilipita kiubavu, likiacha minyaa iliyovunjika. Nyuma ya jiko likabaki shimo la kina cha magoti.

Direkta aliliangalia. Alisema ni hatari kwa watoto, na kwa kuwa Vumilia ndiye mkubwa kuliko wote darasani, alifukie yeye.

Vumilia aliuliza atumie udongo wa wapi.

Direkta alisema hilo atajua mwenyewe, ila iwe kabla ya Ijumaa.